Taa Iliyowaka Baada ya Fundi: Tuhuma, Sababu na Hukumu

Swali la kama jambo lililofuata limeletwa na lile lililotangulia ni miongoni mwa maswali ya kale kabisa katika falsafa na katika sheria za dini, na bado halijachakaa, kwa kuwa kila siku watu hulaumiana, hudaiana fidia na huvunja ujirani wa miaka mingi kwa kulijibu kwa pupa. Makala haya yanalichunguza swali hilo kupitia tukio ambalo wenye magari na mafundi wa Afrika Mashariki wanalifahamu vizuri. Gari hupelekwa gereji kubadilishiwa shokapu, bushi, boljointi au beringi za magurudumu, yaani viungo vya sapensheni na vinavyopakana nayo, ule mfumo wa chini unaobeba uzito wa gari na kuzima mishtuko ya barabara. Kazi ikikamilika gari huwa limetulia, milio imekwisha, mwenye gari amelipa na kushukuru. Kisha, kabla hajafika nyumbani, taa ya njano iliyoandikwa ABS huwaka kwenye dashibodi, na mara nyingi huandamana na taa ya mfumo wa kuzuia gari kuteleza. Mwenye gari hupiga simu na kusema kwamba taa hiyo haikuwapo alipolileta gari, naye fundi hujibu kwamba yeye ameshughulikia miguu tu, umeme hakuugusa. Pengine wote wawili wanasema kweli, lakini hakuna hata mmoja wao ambaye mpaka hapo anajua chochote kuhusu chanzo cha taa ile.

Ili swali lieleweke, ni lazima kwanza ielezwe taa yenyewe inasimamia nini. ABS ni mfumo unaozuia magurudumu yasikwame dereva anapokanyaga breki kwa nguvu, kwa sababu gurudumu lililokwama huseleleka na gari halifuati tena usukani. Mfumo wa aina hii unaoendeshwa kwa elektroniki, uliotengenezwa na Bosch, ulianza kuuzwa katika magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978, na ule wa kudhibiti mtelezo, uliojengwa juu yake, ukafuata mwaka 1995. Kompyuta ya mfumo huo hupata habari za mwendo kutoka kwa sensa, kwa kawaida moja kwa kila gurudumu, na kila sensa hukaa karibu na pete inayozunguka pamoja na gurudumu lake. Katika magari ya zamani pete hiyo ni ya chuma yenye meno, na sensa ni koili iliyozungushwa kwenye sumaku, inayozalisha umeme wake yenyewe meno yanapopita mbele yake kwenye pengo la takriban milimita 1. Katika magari mengi ya sasa pete ni utepe wa sumaku uliomo ndani ya sili ya beringi, na sensa hulishwa umeme na kompyuta, kisha huurudisha kwa viwango viwili vinavyopishana, takriban miliampia 7 na miliampia 14, kadiri ncha za sumaku zinavyopita. Waya wa sensa hutoka kwenye habu ya gurudumu, hupanda kando ya shokapu ukiwa umeshikwa na vibanio, hupenya kwenye bodi ya gari na kuingia ndani. Kwa hiyo fundi anayefungua shokapu anafanya kazi katikati ya njia inayopitisha habari za breki, apende asipende, na kauli ya kwamba umeme hakuugusa haiwezi kuwa kinga yake, kwani gari la leo halina tena ule mpaka kati ya miguu na umeme ambao mgawanyo wa kazi wa gereji nyingi, fundi wa miguu huku na fundi wa umeme kule, bado unaudhania.

Wanafalsafa wa kale walitofautisha ishara ya kimaumbile, kama moshi unaojulisha moto, na ishara ya makubaliano, kama bendera nyekundu iliyowekwa na watu kujulisha hatari. Taa ya onyo ina sura zote mbili: huwashwa na umeme, usiojua kusema uongo, lakini ni lini iwake na ni lini isiwake ni uamuzi uliokwisha kuandikwa na wahandisi ndani ya programu. Na walichoamua wahandisi hao si kwamba taa iwake sensa inapoharibika. Kompyuta haina jicho la kuiona sensa. Hupokea habari tu, na habari hizo huzipima kwa yale yanayowezekana, kwa mfano kwamba gurudumu moja haliwezi kuwa limesimama wakati mengine matatu yanakwenda kilomita 40 kwa saa bila dereva kugusa breki. Habari zikipingana na yanayowezekana, kompyuta huacha kuziamini, hujitoa kazini isije ikalegeza breki pasipostahili, na huwasha taa ili dereva ajue kwamba amebaki na breki za kawaida zisizo na ule msaada. Taa basi ni ushahidi juu ya ushahidi: haisemi kwamba gurudumu lina ubovu, wala haisemi nani kafanya nini, bali inasema kwamba habari zilizokuwa zikiaminika haziaminiki tena. Na kwa kuwa mfumo wa kuzuia mtelezo hutegemea habari zilezile, waya mmoja uliokatika huweza kuwasha taa mbili au tatu kwa pamoja, jambo linalomfanya mwenye gari aone kwamba limeharibiwa gari zima.

Hapa ndipo swali la sababu linapoingia. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alidai katika Tahafut al-Falasifa kwamba mwanadamu anapoona pamba ikiungua baada ya kuguswa na moto, anachokiona ni kuungua kunakotokea wakati wa kugusana, wala haoni kamwe kwamba kugusana ndiko kulikounguza. Kinachounganisha mawili hayo, kwa mtazamo wake, ni mapenzi ya Mungu yaliyojizoesha kwenda kwa mpangilio mmoja. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayekanusha sababu amekanusha akili yenyewe, kwa kuwa kazi ya akili ni kuvitambua vitu kwa sababu zake. Karne kadhaa baadaye David Hume, Mskoti, katika kitabu chake cha mwaka 1748, alilirudia wazo la kwamba macho huona mfuatano tu, ingawa yeye hakuhitaji kumtaja Mungu ili kulieleza, bali aliliweka juu ya mazoea ya nafsi. Katika mzozo huu mrefu kuna jambo moja ambalo pande zote zingelikubali mbele ya gari lenye taa iliyowaka: tukio moja lililofuata jingine mara moja halitoshi kuthibitisha kitu. Al-Ghazali alitegemea mazoea yaliyorudiwa, Hume vilevile, na Ibn Rushd alidai ijulikane tabia ya kitu chenyewe. Mwenye gari ambaye amekwenda gereji mara moja na akaona taa mara moja hana mazoea wala hana ujuzi wa tabia ya kitu; alicho nacho ni mfuatano mtupu, na mfuatano mtupu, kwa kipimo cha yeyote kati ya hao watatu, haujawa sababu.

Inafaa kusisitiza kwamba fikra ya al-Ghazali haimpi fundi wala mwenye gari ruhusa ya kusema kwamba yote ni kudra na kwa hiyo hakuna haja ya kufungua gurudumu. Aliyeamini kwamba Mungu ndiye mtendaji wa pekee aliamini pia kwamba mpangilio wa utendaji huo hauyumbi ovyo, na kwamba mtu mwenye akili huishi kwa kuutegemea. Muumini wa namna hiyo huuchunguza waya kwa makini yaleyale ya asiyeamini, tena kwa sababu ya nyongeza, kwamba kazi iliyomo mikononi mwake ni amana.

Sasa, kuna njia zaidi ya moja ambazo matengenezo na taa yanaweza kufuatana bila la kwanza kulizaa la pili. Iliyo muhimu kuliko zote ni ile ambayo yote mawili yana mzazi mmoja. Gari halipelekwi kubadilishiwa bushi bila sababu. Hupelekwa kwa kuwa limepita kwenye mashimo, matuta na vumbi kwa miaka, na magari mengi ya eneo hili yalikwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa hapa, kiasi kwamba Kenya ilibidi iweke kikomo cha umri wa miaka 8 kwa gari linaloingizwa nchini. Mashimo yaliyomaliza bushi ndiyo yaleyale yaliyoutikisa waya wa sensa mpaka nyuzi zake za shaba zikaanza kukatika ndani ya ganda la plastiki ambalo kwa nje bado linaonekana zima. Waya wa namna hiyo ungekatika mwezi huo au unaofuata, gari liende gereji au lisiende, na ukikatika siku moja baada ya gereji, basi fundi na taa wamekutana tu njiani, wote wakitoka kwenye barabara ileile mbovu. Hata hivyo hapa pana ugumu ambao haupaswi kurukwa, kwani inawezekana waya uliokuwa umebakiwa na uzi mmoja ulimaliziwa na mkono wa fundi aliyeusogeza kidogo kupata nafasi ya spana, na kwa hali hiyo haitoshi kusema kwamba barabara ndiyo yenye kosa, wala haitoshi kusema kwamba fundi ndiye mwenye kosa.

Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande wa Sudan ya wakati ule, alieleza namna walivyozungumzia ghala la nafaka lililoanguka na kuwaumiza watu waliokuwa wamekaa kivulini chini yake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo, na hakuna aliyehitaji kuwafundisha hilo. Walichouliza ni kwa nini ghala lianguke saa ileile watu hawa, na si wengine, walipokuwa chini yake, na kwa swali hilo jibu lao lilikuwa uchawi. Msomaji wa Afrika Mashariki halioni jambo hili kuwa geni, kwa kuwa usemi wa kwamba hapa pana mkono wa mtu husikika misibani, maofisini na gereji pia. Kosa la fikra hii haliko katika kuuliza kwa nini leo, kwani hilo ni swali halali na mara nyingi ndilo linalofungua uchunguzi. Kosa liko katika kudhani kwamba kila kwa nini leo lazima iwe na mtu nyuma yake. Wakati mwingine leo ni siku tu ambayo uzi wa mwisho wa shaba ulikatika. Marafiki wa Ayubu, katika kitabu cha Biblia chenye jina lake, walianguka katika shimo hilohilo walipotoka kwenye msiba wa mtu wakarudi nyuma kutafuta dhambi yake, nao mwishoni mwa kitabu ndio waliokemewa.

Wanasheria wa Kiislamu waliuona mtego huu mapema na wakaweka kanuni za kuukabili. Mejelle, mkusanyo wa sheria uliotolewa na dola ya Osmania kati ya 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, umetaja mwanzoni mwake kwamba yakini haiondolewi na shaka, kwamba asili ya mtu ni kutokuwa na dhima juu yake mpaka ithibitike, na kwamba tukio jipya lisilojulikana lilitokea lini huhesabiwa kuwa limetokea katika wakati ulio karibu zaidi. Kanuni hii ya tatu ndiyo ambayo mwenye gari angependa kuishika: taa haikuwapo jana, leo ipo, basi hitilafu ni ya leo, na leo gari lilikuwa mikononi mwa fundi. Lakini kanuni hiyo inapanga wakati, haipangi mtendaji. Inaruhusu kusema kwamba habari za gurudumu zilikatika tangu gari liingie gereji, wala hairuhusu kusema kwa mkono wa nani. Ili kufika huko inabidi kanuni ya pili, ya kutokuwa na dhima, ishindwe kwa ushahidi. Mkusanyo huohuo hutenganisha pia mtendaji wa moja kwa moja, ambaye hulipa hata kama hakukusudia, na msababishaji wa mbali, ambaye halipi mpaka ijulikane kwamba alikusudia. Fundi aliyeuvuta waya mpaka ukang'oka kwenye plagi yake yuko katika kundi la kwanza, hata akiapa kwamba hakuuona. Fundi ambaye nyundo yake iliyogonga boljointi ilitikisa waya uliokuwa tayari umeoza yuko karibu zaidi na kundi la pili.

Basi kuna daraja mbili ambazo mazungumzo ya gereji huzichanganya, nazo ni tuhuma na hukumu. Taa iliyowaka saa chache baada ya matengenezo ni msingi halali wa tuhuma. Mwenye gari hajamdhulumu mtu kwa kurudi na kuuliza, na fundi anayemwona mteja huyo kuwa mgomvi amekosa haki. Surat al-Hujurat, katika aya ya 12, inatahadharisha juu ya wingi wa dhana kwa kuwa baadhi yake ni dhambi, na katika aya ya 6 inaamuru habari ichunguzwe kabla ya kuitendea kazi watu wasije wakadhuriwa kwa kutojua. Kumbukumbu la Torati 19 haikubali mtu ahukumiwe kwa shahidi mmoja, na inawataka waamuzi wapeleleze kwa bidii. Maandiko yote haya hayakatazi kushuku. Yanakataza kutoka kwenye kushuku kwenda kwenye kuadhibu kwa hatua moja, bila ile kazi ya katikati ambayo ni kufungua na kuangalia.

Kazi hiyo ya katikati ina maarifa yake, na yanastahili kuelezwa kwa kina kidogo, maana ndani yake falsafa hugeuka kuwa kitu kinachoshikika. Kinachotafutwa ni njia inayounganisha kile mkono uligusa na kile taa inachosema. Taa isiyozimika kabisa tangu ufunguo unapozungushwa, kabla gurudumu halijasogea, huelekeza kwenye umeme wenyewe: plagi iliyosahauliwa, waya uliokatwa, sensa iliyovunjika ilipokuwa ikichomolewa kwenye habu iliyoshika kutu. Taa inayozimika vizuri baada ya gari kujikagua, kisha ikarudi gari lishikapo mwendo, huelekeza kwenye mzunguko, yaani pete, pengo au beringi. Mfano wa wazi wa hali hii ya pili ni beringi yenye utepe wa sumaku iliyoingizwa kinyume. Sili za pande zake mbili hufanana, zote zikionekana kama duara la kawaida la mpira au chuma chembamba, lakini upande mmoja tu ndio wenye sumaku, nao ndio unaotakiwa kuitazama sensa; upande huo hauonekani kwa jicho, ila ukisogezewa kipande chepesi cha chuma hukivuta. Fundi aliyezigeuza pande hizo atakuwa amebana beringi sawasawa, gurudumu linazunguka bila mlio, kila nati iko mahali pake, na sensa inatazama upande usio na habari yoyote. Yeye hajavunja kitu, wala hakuna kilichooza barabarani, na bado taa ni ya kazi ya mkono wake. Hapa uhusiano wa sababu unajulikana kikamilifu, kwa kuwa njia nzima kutoka mkononi hadi kwenye taa inaonekana.

Kuna hali nyingine iliyo ngumu zaidi kimaadili, kwa sababu haina muongo wala mkosaji kwa maana ya kawaida. Baada ya kubadilisha ncha za usukani au mikono ya sapensheni, gari hupelekwa kufanyiwa alaimenti, yaani kunyooshwa kwa pembe za magurudumu, na mara nyingine likitoka huko hunyooka barabarani huku usukani ukiwa umelala kidogo upande mmoja. Kompyuta ya kuzuia mtelezo ina sensa ya pembe ya usukani, na ina nyingine inayopima mzunguko wa bodi ya gari. Ya kwanza inaripoti kwamba dereva anakata kona. Ya pili, pamoja na sensa za magurudumu, inaripoti kwamba gari linakwenda moja kwa moja. Kila shahidi hapa amesema kweli tupu, na kompyuta, iliyopewa ushahidi usiopatana, imefanya lililo sahihi kwa kukataa kuuamini. Kilichohama ni sufuri, ile alama ya kuanzia ambayo vipimo vyote huhesabiwa kutoka kwake, na tiba yake ni kuusawazisha usukani na kuifundisha upya kompyuta sufuri iko wapi, bila kununua sensa hata moja. Wenye kuandika juu ya mifarakano ya wanadamu hawajaitazama hali hii kiasi cha kutosha: watu wakweli wanaweza kupingana mpaka mwisho, na uongo usiwepo popote, ikiwa wanapimia kutoka mahali tofauti. Mwenye gari huanza kuhesabu tangu alipolipa. Fundi huanza kuhesabu tangu gari lilipoletwa likigonga na kuyumba.

Kuhusu nani alipe, wanazuoni walitofautiana, na tofauti yao inafundisha. Imesimuliwa kwamba Khalifa Ali bin Abi Talib aliwatoza dhamana mafundi waliopokea mali za watu, kwa hoja kwamba hali za watu hazitatengemaa bila hilo. Madhehebu ya Maliki yalielekea huko. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pwani ya Afrika Mashariki, rai yenye nguvu ni kwamba fundi ni mwaminiwa, halipi kilichoharibika mikononi mwake mpaka awe amevuka mipaka au amezembea. Lakini ar-Rabi, mwanafunzi wa Imam Shafi, amenukuliwa kwamba mwalimu wake aliiamini rai hiyo ya kutomtoza fundi na hata hivyo hakupenda kuitangaza, kwa kuchelea mafundi waovu wasiitumie kama kichaka. Habari hii ndogo ina uzito mkubwa. Inaonyesha mwanazuoni aliyejua kwamba haki ya mtu mmoja mmoja humwelekea fundi asiye na kosa, na papo hapo akajua kwamba mwenye mali yuko gizani, haoni kinachofanyika chini ya jeki, hana namna ya kuthibitisha uzembe hata ukiwepo. Makala haya yanaiona rai ya Shafi kuwa ndiyo ya haki, kwa sharti kwamba lile giza lipunguzwe; na katika zama hizi kulipunguza hakuhitaji khalifa, kunahitaji kupima kabla.

John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alieleza kwamba njia ya kuthibitisha sababu ni kulinganisha hali mbili zilizo sawa kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Fundi mzuri huifanya bila kumjua Mill: huichukua sensa ya gurudumu la mbele kulia, pale umbo la waya linaporuhusu, akaifunga kushoto; hitilafu ikihama pamoja na sensa, ubovu ni wa sensa, na ikibaki palepale, ubovu ni wa waya au wa pete. Lakini ulinganisho ulio muhimu kuliko huo, ule wa gari kabla ya kazi na gari baada ya kazi, mara nyingi hauwezekani tena, kwa kuwa hakuna aliyelipima gari lilipoingia. Kompyuta ya gari huhifadhi misimbo, yaani alama fupi zinazotaja eneo la hitilafu, na katika magari mengi ya Toyota msimbo C0200 hutaja sensa ya mbele kulia na C0205 ya mbele kushoto. Hitilafu inayokuja na kuondoka huweza kuwa imeacha msimbo humo wiki kadhaa kabla ya gereji, taa ikiwa imezimika na mwenye gari hana habari. Kuisoma misimbo hiyo kabla ya kufungua nati ya kwanza huchukua dakika chache. Tahadhari moja tu: vifaa vingi vya bei nafuu husoma kompyuta ya injini peke yake, ile ambayo Marekani ililazimisha iwe na mfumo mmoja wa kusomwa kuanzia magari ya mwaka 1996, wala haviifikii kompyuta ya breki; kwa hiyo kifaa kama hicho kikionyesha kwamba hakuna hitilafu, kimesema tu kwamba hakikuuliza. Fundi aliyesoma misimbo mwanzoni, akamwonyesha mwenye gari na wote wakaiandika, amejilinda na tuhuma kwa njia ambayo kiapo chochote hakiwezi kumlinda.

Limebaki jambo ambalo halina tofauti ya rai wala halistahili kuwa nayo. Kuna mafundi ambao, taa ikiwasumbua, huifuta misimbo na kulikabidhi gari kabla halijaenda umbali wa kutosha kuiwasha tena, na kuna wanaokwenda mbali zaidi, wakakata njia ya taa kwenye dashibodi au kuiunganisha na taa nyingine ili ziwake na kuzimika pamoja. Kufuta msimbo baada ya kutengeneza ni sehemu ya kazi. Kuufuta badala ya kutengeneza ni kumnyamazisha shahidi. Dereva wa gari hilo atakanyaga breki kwenye lami yenye mvua akiamini kwamba ana msaada ambao hana, na uharibifu utakaotokea hauna tena kichaka cha sababu za mbali, kwa kuwa aliyeficha alijua. Mwenye kununua gari ahakikishe kwamba taa ya ABS inawaka ufunguo unapozungushwa na kuzimika yenyewe baada ya sekunde chache, kwani taa isiyowaka kabisa wakati huo inastahili kutiliwa shaka kuliko inayowaka daima. Mtume alikataza kumfunga mnyama chuchu ili maziwa yajae na mnunuzi adanganyike, akampa aliyedanganywa hiari ya kumrudisha mnyama huyo, na wanazuoni wengi wakaipanua hukumu hiyo kwa kila bidhaa iliyofichwa aibu yake kwa kitendo. Gari lililozimwa taa yake kwa hila limo ndani ya hukumu hiyo, na aliyelinunua ana haki ya kulirudisha na kurejeshewa fedha zake.